Sikio la Mfereji

Tangu nikiwa darasa la kwanza watu wameniambia neno moja: sema kwa nguvu. Mwalimu aliniambia, mama aliniambia, hata mwenye duka aliniambia huku ameinamia kaunta, kiganja nyuma ya sikio. Sauti yangu ni ndogo, na haikukua pamoja na mimi. Kijijini kwetu ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kuniambia neno hilo, naye alikuwa mzee wa mfereji. Nilikuwa nikipita nyuma yake akiwa ameinama anazoa majani kwenye maji, nasema shikamoo babu kwa sauti ambayo wengine hawaipati, naye anajibu bila kugeuka.

"Marahaba binti yangu. Na huo mzigo leo ni mchicha au mnavu?"

Alikuwa amesikia majani yakisuguana mgongoni mwangu.

Mfereji wetu unaanzia juu, karibu na msitu wa Mlima Meru, unapita kwenye migomba na kahawa, unateremka mpaka mashamba ya chini, ambako ndiko kwetu. Maji hayatoshi wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo tunapeana zamu. Kazi ya mzee ilikuwa kuutunza mfereji na kuita zamu. Alikuwa na pembe ya tandala, imesuguliwa na mikono mpaka inang'aa. Akiipuliza mara moja, watu wa juu wanaziba vifereji vyao kwa vipande vya mgomba na matope. Mara mbili, watu wa kati wanafungulia. Mara tatu, ni sisi. Saa hakuvaa. Akiulizwa saa ngapi alitazama kivuli cha fimbo yake, anajibu, "Saa ya Mama Eliya," maana yake zamu ya jirani yetu Mama Eliya imefika.

Fimbo ile ilikuwa ya mti wa mringaringa, ndefu kumpita kifua. Kila asubuhi alitembea ukingoni, na kila baada ya hatua kadhaa aliichomeka ndani ya maji mpaka iguse chini, kisha akalaza sikio juu ya ncha nyingine. Watoto walimcheka kwamba anapiga simu. Yeye alikuwa anasikiliza. Maji yakipita vizuri yana sauti moja, yakivuja chini ya ukingo yana nyingine, na mtu akiyaiba huko juu yanapungua sauti kabla hayajapungua kwa macho. Siku moja aliinua kichwa kutoka kwenye fimbo, akapanda moja kwa moja mpaka kwa mzee wa kanisa, akamkuta amefungulia kabeji zake zamu isiyo yake.

"Umeniona?" mzee wa kanisa aliuliza.

"Sikukuona. Maji yamekusema."

Alikuwa na maneno machache na aliyarudia. Mfereji ni kama mgonjwa, alisema, ukitaka kujua hali yake usimuulize, kaa karibu naye. Alisema pia kwamba mwizi wa maji huja kimya lakini maji hayajui kunyamaza. Mimi alinipa langu peke yangu. Siku moja nililia njiani kwa sababu kwenye kikundi cha akina mama walinicheka nilipotakiwa kuomba sala. Alisimama karibu yangu muda mrefu bila kunibembeleza, kisha akasema, "Wewe na maji ya chini ni ndugu. Mnafika, ila hamna haraka."

Nisimsifu kupita kiasi. Mkewe alipokuwa hai alilalamika kwamba bustani yake ndiyo kavu kuliko zote kijijini, kwa sababu mume wake aliogopa kuambiwa anajipendelea. Alichukia kelele, lakini kanisani aliimba kwa sauti kubwa iliyokwenda njia yake mwenyewe, mpaka mwalimu wa kwaya akamwekea kiti karibu na mlango. Alisema simu zimewafanya watu wajinga, naye hakukosa hata siku moja matangazo ya vifo kwenye redio yake ndogo. Na maji ya mfereji, ambayo aliyasifu kama mtoto, hakuyanywa. Alikunywa chai tu, ya rangi, yenye sukari nyingi.

Majirani wapya walikuja mwaka ambao mvua zilichelewa. Walinunua shamba la kahawa la katikati, ambalo warithi wake wote wanaishi mjini, wakang'oa kahawa na kujenga bustani ya sherehe. Mume alikuwa mtu wa Mwanza, watu walimwita Bosi. Mke alitoka Tanga, mcheshi, alimsalimia kila mtu, na kwa sababu kila siku alikuwa na ufagio mkononi tukamwita Mama Bustani. Hawakuwa watu wabaya, nayasema haya mapema. Niliwauzia mchicha na hawakunipunja hata siku moja. Lakini walileta spika nne nyeusi, kila moja ndefu kama kabati la nguo, wakazielekeza upande wa bonde. Upande wa bonde ndiko tuliko sisi.

Kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili, saa nne asubuhi, kijana wao wa muziki alianza. "Moja, mbili. Moja, mbili. Wazee wa mlimani mpoooo?" Kisha ardhi ikatetemeka. Sufuria zilicheza kwenye kichanja. Kuku wa Mama Eliya waliacha kutagia kwenye banda, wakawa wanatagia kwenye migomba. Mgonjwa mmoja wa moyo alihamishiwa mjini, Sekei, kwa mwanawe, akafia huko, na mpaka leo watu wa kwake hawapiti mbele ya bustani ile, wanazunguka.

Jambo baya zaidi lilikuwa pembe. Mzee aliipuliza, mashavu yakavimba, na chini hatukusikia kitu. Watu wa juu walidai hawakuitwa, wakaendelea kumwagilia. Sisi tulisubiri mpaka jua likageuka. Watu waliokuwa wakizikana miaka yote walianza kutukanana ukingoni. Nilimwona Mama Eliya amemshika shemeji yake kanga kifuani kwa ajili ya maji ya nusu saa.

Mzee alikwenda kuwaomba. Kijana wa muziki alimwona akiingia getini na pembe yake, akachukua kipaza sauti. "Namwona babu yangu wa pembe pale! Mpigieni makofi babu!" Wageni wa harusi wakapiga makofi. Mama Bustani akamkalisha, akampa sahani ya pilau. Kisha wakamwomba ampulizie bibi harusi anapoingia. Nilikuwa mlangoni mwa jiko lao na kikapu changu, nikafikiri atakasirika. Alisimama, akajifuta mdomo, akapuliza mara tatu, akarudi kumalizia pilau. Njiani alinionyesha kidole. "Usiwaambie kwamba nilipenda." Baadaye kidogo akasema, "Mara tatu ni zamu yenu. Nimewaitia maji kwenye harusi ya watu."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelibeba.

Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe nilimpita mzee asubuhi ya Jumatatu. Jumatatu hakuna muziki. Nilisema shikamoo babu. Hakujibu. Nilirudia. Aliendelea kuzoa majani. Nilipopita mbele yake alishtuka, akacheka, akasema, "Umetoka wapi, binti yangu, umekuwa paka?" Nikacheka pia. Siku nyingine nilimkuta kibarazani, redio ameiegemeza shavuni kama mtu mwenye jino bovu, na sauti yake imefunguliwa mpaka mwisho. Wengine hawakuona ajabu, kwa sababu wakati huo kila mtu kijijini alikuwa anapiga kelele ili asikike. Mimi nilijua. Mtu mwenye sauti ndogo hujua haraka nani anamsikia na nani ameacha kumsikia.

Sikumwambia mtu. Mzee wa mfereji asiyesikia angebaki na nini?

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la Tengeru, na watu wengi walikuwa wameteremka. Muziki ulikuwa umeanza mapema. Mchana, nikiwa napalilia, ukakatika katikati ya wimbo. Umeme ulikuwa umekwenda, na jenereta lao lilikuwa bovu wiki ile. Kukawa kimya ambacho tulikuwa tumekisahau. Nilisikia ndege. Nilisikia jembe langu mwenyewe. Kisha nikasikia maji yanaangukia mahali ambapo hayatakiwi kuangukia.

Niliinua macho. Juu ya shamba la Mama Eliya ukingo ulikuwa umetoboka, maji yanatoka kama kwenye mdomo wa birika. Hatua kumi kutoka pale alikuwa amekaa mzee wa mfereji, ameupa ufa ule mgongo, anachonga kipini cha jembe kwa kisu. Alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza. Maji yalinguruma nyuma yake, naye akapuliza vumbi la mti kwenye kipini, akakigeuza, akaendelea kuchonga.

"Babu," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Wala sikupiga kelele. Kuna watu ambao kelele haiwatoki hata nyumba ikiungua, na mimi ni mmoja wao. Niliacha jembe nikakimbia kupanda. Sikuwa nimefika nusu ya njia ukingo ulipokatika wote. Maji yalishuka na matope na mawe, yakalala juu ya maharage ya Mama Eliya, yakagonga ukuta wa nyuma wa jiko lake, ukuta ukaanguka juu ya banda la kuku. Mzee alikuwa amesimama sasa. Aliona matope yakipita miguuni pake, akatazama juu, akatazama spika, akanitazama mimi. Sikujua ameelewa nini.

Umeme ulirudi wakati watu wa kwanza wanafika na majembe. Kwa hiyo tuliziba ukingo ule na muziki ukipiga, na Mama Eliya aliporudi kutoka sokoni, kikapu bado kichwani, ndivyo alivyotukuta. Alilia, kisha akaelekeza mkono bustanini.

"Angesikiaje! Niambieni, na makelele haya mzee wa watu angesikiaje!"

Mzee alishika koleo. Alizoa matope.

Mkutano ulifanyika Jumanne mbele ya ofisi ya kijiji. Bosi alikuja peke yake, shati limenyooshwa. Alisema pole kwa Mama Eliya, akasema anasikitika. Kisha akasema, "Lakini jamani tuwe wakweli. Saa ile muziki haukuwepo. Umeme ulikatika."

Watu wakacheka.

"Ulikatika kwako tu?"

"Kelele mnazo, na uongo mnao!"

"Tumefika tunachimba, wimbo unatuambia tucheze!"

Mwenyekiti alinyamazisha watu kwa mkono. "Nani alikuwepo saa ya tukio? Asiyekwenda sokoni ni nani?"

Nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye nyasi. Nilijua neno la kusema, nalo lilikuwa fupi: ni kweli, umeme ulikatika. Lakini swali la pili lingefuata, kwa nini basi mzee hakusikia, na hapo wangemnyang'anya pembe mbele yangu. Nilimtazama. Alikuwa anaitazama fimbo yake. Nikainamisha kichwa, na mwenyekiti akasema, "Basi, hakuna shahidi."

Bosi alijifuta jasho usoni. Alionekana kuchoka zaidi ya kukasirika. "Sawa," akasema. "Tutatengeneza sisi. Tutatengeneza ili mzee asipate shida tena."

Walitengeneza vizuri kuliko tulivyoomba. Walileta mafundi na mabomba meusi ya plastiki, mapana kama mapipa, wakayalaza kuanzia juu kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, mpaka mashamba ya chini, wakafukia. Kila shamba likapewa koki yake, na ratiba ikabandikwa ofisini. Watu walishangilia. Maji hayavuji, hayaibiwi, hayapungui. Mama Eliya alijengewa jiko la tofali. Na mfereji ule, uliokuwa unasema mchana na usiku tangu kabla ya sisi sote kuzaliwa, ulifunikwa kwa udongo, watu wakapanda viazi juu yake.

Nilinyamaza ili asinyang'anywe mfereji. Kwa kunyamaza kwangu ukafukiwa.

Wiki ile mabomba yalipokuwa yanalazwa nilipeleka mchicha bustanini, nikamkuta mzee getini, amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alikuwa na jani la isale. Kwetu mlimani isale si ua. Tunaipanda kwenye mipaka na kwenye makaburi, na mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani lake, akampelekea bila maneno mengi. Aliyepelekewa akilipokea amesamehe. Ndugu walioapa kutozikana wamerudiana kwa jani moja.

Mama Bustani aliacha ufagio, akalipokea kwa mikono miwili. "Jamani babu! Zuri hilo! Kumbe na nyinyi mnapenda maua?" Alilichomeka kwenye chupa ya mapokezi, katikati ya maua ya plastiki, akarudi nyuma kulitazama, akalinyoosha.

Mzee alisubiri kidogo. Nadhani alitegemea neno. Kisha akashukuru, akatoka. Nilimfuata, na kwa sababu alikuwa mbele yangu sikuwa na haja ya kuongea, asingesikia. Alikuwa anasema peke yake, kwa sauti ya juu, kama wanavyosema watu wasiosikia bila kujua. "Wamepokea jani. Hawakupokea kosa."

Hapo nikajua kwamba hata yeye alijua muziki ulisingiziwa.

Binti yake alimchukua baada ya mavuno, akaenda kuishi naye Kisongo. Ni upande mwingine wa mji, kukavu, vumbi na upepo, na ndege za uwanjani zinapita chini mpaka unaona magurudumu. Nilikaa zaidi ya mwaka bila kwenda. Mwezi uliopita nilikwenda, na kikapu cha ndizi.

Alikuwa amekaa kivulini, kiti chake kimeegemezwa kwenye tanki la maji la plastiki. Fimbo ya mringaringa ilikuwa magotini. Pembe ilining'inia mlangoni, mtoto ameifunga utepe. Karibu na mguu wake kulikuwa na kopo la rangi lenye mche wa isale, majani matano, vumbi juu yake.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Hasikii, dada," binti yake aliniambia kutoka jikoni. "Mpigie kelele."

Alinigeukia kwa kuwa aliona kivuli changu. Alinitambua, nadhani kwa kikapu. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akanisogelea, na neno ambalo hakuwahi kuniambia maisha yake yote akaniambia.

"Sema kwa nguvu, binti yangu."

Nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi. "SHIKAMOO BABU!"

"Marahaba! Marahaba!" Alicheka, akashika mkono wangu. "Haya, mfereji unasemaje?"

"HAUSEMI, BABU! UPO KWENYE BOMBA!"

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa hali ya mgonjwa. Ningeweza kuishia pale. Lakini koo lilikuwa limeshafunguka, na niliogopa likijifunga halitafunguka tena.

"SIKU ILE UMEME ULIKATIKA! NILIKUONA! NILIKUITA KIDOGO KIDOGO! KWENYE MKUTANO SIKUSEMA!"

Mwanamke wa nyumba ya jirani alichungulia juu ya ua. "Jamani, kwema huko? Mnagombana na mzee?"

Mzee alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili. Ndege ilipita juu yetu, vyombo vikalia jikoni, naye hakuinua hata macho.

"Nilidhani nilikuwa peke yangu," alisema mwishoni. "Mwenyekiti alipouliza, nilisema moyoni, nikisema siwezi kuisikia hata pumzi yangu, kesho nitaamka niende wapi? Nikasubiri mtu mwingine aseme. Na wewe ulikuwa unanisubiri mimi." Aliinama, akakata jani moja la isale, akalifuta vumbi kwa shati lake. "Mimi niliwapelekea jani ili liseme badala ya mdomo wangu. Halisemi kwa mtu asiyelijua. Lipeleke wewe. Safari hii liende na maneno."

Nilirudi nalo ndani ya kanga. Nimeliweka kwenye kikombe cha maji dirishani. Jumamosi nilikwenda nalo bustanini, muziki ulikuwa unapiga, nikajiambia yule mama hatanisikia. Jumapili vilevile.

Jumatatu nilikwenda tena. Geti lilikuwa wazi. Spika zilikuwa zimefunikwa turubai, viti vimepangwa juu ya vingine, kimya kabisa. Mama Bustani alikuwa peke yake anafagia karatasi za keki, na nilisikia kila mkwaruzo wa ufagio. Chupa ya mapokezi ilikuwa bado na maua yake ya plastiki. Hapakuwa na kelele yoyote ya kusingizia.

Nilisimama pale mpaka akakaribia kuniona. Kisha nikageuka na jani langu, nikatembea polepole nisikanyage majani makavu.